Kwa nini daktari wa ngozi Marekani haioni ngozi yetu? Tatizo ni picha, ni mlango wa kuingilia mafunzo, au ni nini?

#1 BintiKorogwe
Wakuu, habari za wikendi. Kuna jambo limenikaa rohoni tangu mwezi jana, nimeona nililete hapa maana humu kuna matabibu, wanafunzi na watu wa ughaibuni.

Niko Ohio mwaka wa tisa sasa, kazi yangu uuguzi. Mwanangu wa miaka sita alianza kujikuna kwenye viwiko na nyuma ya magoti. Bibi yangu Korogwe angeliona lile angesema "ukurutu" kabla hajakaa kitini. Nikampeleka kliniki ya ngozi. Tulionana na kijana mpole sana, yuko mwaka wa mwisho wa residensi, yaani yale mafunzo ya ubingwa. Akaniuliza: "Kuna wekundu wowote?" Wekundu upi? Mtoto ni mweusi kama mimi. Ngozi yake ikiwaka huwa kama zambarau, kisha inapauka kama majivu, kisha panabaki peusi kuliko mwanzo. Akaandika fangasi. Wiki sita tunapaka dawa ya fangasi na mtoto halali usiku, anajikuna mpaka shuka lina damu.

Mara ya pili tukapata daktari mwingine, mama wa Kinigeria. Hakuishia kutazama, alipitisha vidole juu ya ngozi, akasema ni ukurutu na umeshakomaa. Siku ya nne mtoto alilala usiku kucha.

Nimesoma kwamba Wamarekani weusi ni kama asilimia 13 ya watu wa nchi hii, lakini kwa madaktari wa ngozi ni kama asilimia 3 tu. Dai langu: wanaofundishwa ni walewale, wanafundishwa kwa ngozi ileile, na sisi tunalipia kwa watoto kukesha. Nipingeni kama nakosea.

#2 MamaBaraka
Pole mwaya. Wiki sita! Mungu ampe nafuu. Nimeweka kiti.

#3 MwanaNakuru
Mimi ni Mkenya, nasoma udaktari Maryland, mwaka wa mwisho, na ngozi ndiyo ninayoomba. Dada hujakosea sana. Kuna watafiti walipitia vitabu vikuu vya magonjwa ya ngozi na kuhesabu picha moja moja. Katika matokeo yaliyotoka 2021, picha za ngozi nyeusi zilikuwa kati ya asilimia 4 na 18, kutegemea kitabu.

Linaloniuma zaidi ni zile chache zimewekwa wapi. Uchunguzi mwingine uliona kwamba ngozi nyeusi inapungua kwenye kurasa nyingi halafu ghafla inajaa kwenye sura za magonjwa ya zinaa. Kwa hiyo mwanafunzi anajifunza chunusi, ukurutu na saratani kwa mtu mweupe, na kaswende kwa mtu mweusi. Hakuna aliyemwambia chochote kibaya, lakini jicho limeshafundishwa.

Na 2020 korona ilipoingia, picha za upele wake zikawa zinachapishwa kila wiki. Zilipohesabiwa zile za kwanza, hapakuwa na picha hata moja ya ngozi nyeusi, katika ugonjwa uliokuwa unaua weusi wa Marekani kuliko sehemu yao.

#4 Kipanga_Mweusi
Ndiyo maana kuna kipimo kile cha Fitzpatrick, namba 1 hadi 6. Kinapima rangi ya ngozi ili wote wahesabiwe. Wakikitumia vizuri tatizo linaisha.

#5 TabibuWaKata
#4 hapo naomba nikusahihishe. Fitzpatrick, daktari wa ngozi aliyekitunga, hakuanza kwa kupima rangi. Ilikuwa 1975, Boston, anataka kujua wagonjwa wapewe kiasi gani cha tiba ya ngozi ya mionzi ya mwanga (urujuanimno) bila kuwaunguza. Akawa anauliza: ukikaa juani unaungua, au unageuka kahawia? Aina za mwanzo zilikuwa za watu weupe. Ngozi ya kahawia na nyeusi zilikuja kuongezwa baadaye, namba 5 na 6. Sasa mtu wa Kigoma, mtu wa Juba na mtu wa Kerala wote wamebanwa kwenye visanduku viwili mwisho wa mstari.

BintiKorogwe, nikuulize kama mtu wa kazi. Yule kijana alikwangua ngozi ya mtoto?

#6 BintiKorogwe
Hapana. Alitazama tu, na ile taa yao ya kichwani.

#7 TabibuWaKata
Basi mimi sikubaliani na wewe moja kwa moja, dada yangu, usinichukie. Mimi ni ofisa tabibu, diploma ya juu ya ngozi niliisomea Moshi, kwenye kituo cha kanda cha ngozi kilichopo KCMC, hospitali kubwa ya rufaa ya kule. Fangasi na ukurutu vinachanganywa hata na sisi weusi, hata hapa nyumbani, kila wiki. Dawa ni kukwangua magamba kidogo, unaweka kwenye kioo, tone la potasi, unatazama kwa hadubini. Dakika chache unaziona nyuzi za fangasi, au huzioni. Kijana asingehitaji kujua wekundu wala weusi. Alikuwa na haraka, au hakutaka kuonekana hajui.

Kosa la kinyume nalo naliona sana: mtu ana choa, anauziwa dukani krimu ya steroidi, ya kutuliza mwasho, kidonda kinapoa juu huku fangasi inatambaa chini. Akinifikia mimi haina tena umbo la duara. Sitaki kumtetea kijana. Nasema tu asingekosa kama angefanya kazi ya mikono.

#8 Sharifa_Muscat
Assalam alaykum. Huku Oman daktari wangu wa ngozi Mhindi, aliyemtibu mama yangu ni Msudani, na sasa wapo vijana Waomani wanaofunzwa na bodi ya ubingwa ya hapa, iliyoanzishwa 2006. Mama yangu mweusi kwa asili ya Unguja, mie mweupe kidogo, mume wangu katikati, na hakuna aliyetukosea. Si kwa kuwa wanafanana nasi. Asubuhi moja kliniki hiyohiyo wanapita Mbaluchi, Mswahili, Mfilipino na Mwarabu wa milimani. Jicho huzoea linachokiona. Yule Mnigeria wa dada hapo juu mie nadhani hakujua kwa weusi wake, alijua kwa kuwaona wengi.

#9 MwanaNakuru
Hoja yako nzuri dada Sharifa, ila kuna kitu inakiruka. Marekani rezidenti wengi wanafundishiwa hospitali za umma za mijini, na humo weusi wamejaa. Kwa hiyo wanawaona! Kama ni kuona tu, wangeshazoea. Kinachokosekana ni mtu wa kuwaambia wanachokiona. Mwalimu akipita na kusema "wekundu" mbele ya mgonjwa mweusi, wanafunzi wote wanaitikia "ndiyo, wekundu", na hakuna aliyeuona.

#10 Nahodha_wa_Lamu
Hapo nimekuelewa. Baba yangu nahodha, kanifundisha kutazama maji. Mimi nilikuwa naona maji tu. Mpaka aliponitajia majina ya rangi ndipo nikaanza kuona mwamba.

Sasa nauliza wenye lugha: hiyo rangi ya ngozi nyeusi ikiwaka sisi tunaiitaje? Maana tukimlaumu Mzungu hana neno, sisi tunalo?

#11 MamaBaraka
Zambarau.

#12 Sharifa_Muscat
Damu ya mzee! Zambarau ni ya kitambaa cha harusi, mwanangu.

#13 Kipanga_Mweusi
Kwetu Tabora tunasema "pamevilia".

#14 TabibuWaKata
Kuvilia ni damu iliyokwama chini, ya kipigo. Si hiyo. Sharifa yuko karibu: damu ya mzee ndiyo ninayoiona nikivuta ngozi kwa vidole viwili chini ya mwanga wa dirisha. Ila kwa watu weusi sana hata hiyo huioni, unaona pamekuwa peusi zaidi na pana joto. Ndiyo maana mimi swali langu la kwanza kwa mama ni hili: "Rangi yake ya siku zote ni ipi? Nioneshe mahali pazima." Halafu nagusa. Joto, uvimbe, ugumu, ukavu. Mkono hauhitaji rangi.

#15 BintiKorogwe
Hili swali lako la "nioneshe mahali pazima" ningeulizwa siku ile, tusingefika wiki sita. Naliandika.

#16 JembeLaKijiji
Mimi naona mnaacha mzizi. Mzizi ni pesa. Mwanangu wa kaka yuko Texas, kamaliza udaktari, ngozi akaitamani akaiacha. Kuna ada za kuomba kila chuo, kwenda kukaa mwezi mzima miji mingine ili wakuone, wengi wanachukua mwaka mzima wa utafiti, na mara nyingi malipo ni kidogo au hakuna. Mtoto wa mhudumu wa usafi atakula nini mwaka huo? Wanaobaki ni watoto wa madaktari.

#17 MwanaNakuru
#16 umeeleza maisha yangu. Baada ya chuo cha udaktari ni mwaka 1 wa intern na miaka 3 ya ngozi, na nafasi ni chache kuliko waombaji kwa mbali. Januari 2022 ule mtihani mkubwa wa kwanza wa udaktari uliacha kutoa alama, sasa ni kufaulu au kufeli tu. Wengi tulishangilia, tukisema mlango umefunguka. Kilichotokea kwa macho yangu: wanatazama zaidi jina la chuo na nani amekuandikia barua. Kama chuo chako hakina idara ya ngozi, barua hiyo unaitoa wapi? Wale wa Howard kule Washington wana mafunzo yao ya ngozi, ni chuo cha kihistoria cha weusi. Si kila chuo cha aina hiyo kina bahati hiyo.

#18 Kipanga_Mweusi
Na 2023 Mahakama ya Juu ikapiga marufuku residensi kuwapendelea weusi. Kwishnei.

#19 MwanaNakuru
Sivyo kabisa kaka. Hukumu ya Juni 2023 ilihusu udahili wa vyuo, kesi za Harvard na North Carolina. Ila vyuo vya udaktari vimo, na huko ndiko rezidenti wanakotoka. Ukipunguza maji kisimani huna haja ya kuziba bomba.

Na si kwamba hakuna kilichosogea. Theodore Lawless alikuwa daktari wa ngozi mweusi Chicago, amezaliwa 1892, alifunza na kutibu watu wa rangi zote zama ambazo hospitali nyingi zilikuwa zinamfungia mlango mtu wa rangi yake. 2004 Susan Taylor akaanzisha chama cha madaktari wanaoshughulika na ngozi zenye rangi, na 2025 akawa rais wa chama kikuu cha madaktari wa ngozi wa Marekani, mweusi wa kwanza. Mimi picha yake iko kwenye meza yangu.

#20 MamaBaraka
Yule kijana wa Marekani aliyetunga kijitabu cha picha za magonjwa kwenye ngozi nyeusi naye apewe maua yake.

#21 Sharifa_Muscat
Si wa Marekani, ni Malone Mukwende, mzaliwa wa Zimbabwe, alikuwa mwanafunzi St George's, London. Alikitoa 2020 pamoja na walimu wake wawili. Mwanafunzi! Alichoka kuuliza darasani "na kwenye ngozi yangu itaonekanaje?"

#22 Mwanga_wa_Sengerema
Nimesoma wote kimya. Sasa niseme langu.

Mimi ni mtu mwenye ualbino. Mnasema daktari mweusi ataijua ngozi yetu. Ngozi ya nani? Mimi nimezaliwa na wazazi weusi, nimetibiwa na madaktari weusi maisha yangu yote. Nilikuwa na kidonda juu ya sikio. Hospitali niliyokwenda nilipewa dawa ya kupaka na kuambiwa ni jua, kitapona. Miezi minane. Kilipokuja kuchunguzwa kilikuwa saratani, wakakata kipande cha sikio. Aliyenitibu vibaya alikuwa Msukuma mwenzangu. Hakuwa na roho mbaya. Hakufundishwa ngozi yangu, kama vile yule kijana wa Ohio hakufundishwa ya mtoto wa dada.

Aliyeniokoa ni timu ya kliniki tembezi kutoka Moshi. Walinikalisha, wakanipekua kuanzia utosini hadi nyuma ya masikio, wakanipa kofia pana na Kilisun, yale mafuta ya kuzuia jua yanayotengenezwa palepale KCMC kwa ajili yetu. Tanzania tunakadiriwa mmoja katika watu 1,400. Daktari yeyote wa wilaya atakutana nasi. Kwa hiyo mkitaka usawa, msiishie kwenye rangi ya anayefundishwa. Ulizeni pia anafundishwa miili ipi.

#23 BintiKorogwe
Kaka Mwanga, nimekaa na maneno yako tangu asubuhi. Pole sana, na asante. Dai langu la #1 nilikuwa nalifikiri jepesi kuliko lilivyo.

#24 TabibuWaKata
Na mimi nimeyapokea, ndugu yangu Mwanga, maana ni ya upande wetu. Niongeze jambo kuhusu Moshi. Kituo kile kilifunguliwa 1992, profesa Grossmann akiwa mkuu wa kwanza. Wazo lilikuwa: tukisubiri mabingwa, wananchi watakufa wakisubiri. Hivyo tukachukuliwa sisi matabibu, miaka miwili, kutoka nchi nyingi za Afrika, tukarudishwa wilayani. Darasani kwetu walikuwepo Wamalawi, Waganda, Mlesotho. Mabingwa wanafunzwa palepale pia. Asubuhi rezidenti, mimi na mwanafunzi wa kigeni tunamtazama mgonjwa mmoja, na mara nyingi muuguzi ndiye aliyekuwa anaona kwanza.

Mchanganyiko ule ulinifundisha kuliko kitabu, na vitabu vyenyewe, niseme ukweli, vilikuwa vya Uingereza, na mashavu mekundu kila ukurasa. Tulikuwa tunachora pembeni kwa penseli.

#25 JembeLaKijiji
Nasisitiza: pesa. Kliniki nyingi za ngozi Marekani hazipokei Medicaid, bima ya maskini, kwa kuwa inalipa kidogo. Hata ukijaza kliniki madaktari weusi, kama bima yako haipokelewi utaishia mlangoni.

#26 Nahodha_wa_Lamu
Na mkorogo je? Wake zetu wanajichubua, wakiharibika wanakwenda kwa daktari wa Ulaya asiyejua hata neno mkorogo.

#27 MamaBaraka
Wake zenu tu? Shemeji, wanaume wa mjini siku hizi wanajichubua kuliko sisi, ila wanaita "mafuta ya kung'arisha".

#28 TabibuWaKata
Mama Baraka kasema kweli, ninawapokea wote. Hidrokwinoni, dawa ya kung'arisha ngozi inayotiwa kwenye mkorogo, ikitumika miaka mingi, mashavuni hutokea weusi wenye buluu usiotoka, na mtu akiuona anaongeza mkorogo. Daktari asiyeujua anadhani ni madoa ya kawaida, anamwandikia hidrokwinoni hiyohiyo. Ila huu ufunguliwe uzi wake jamani.

#29 BintiKorogwe
Wakuu, nimerudi na jipya, naomba ushauri wa dhati.

Niliiandikia ile kliniki barua. Nikaeleza wiki sita, nikaeleza "mahali pazima". Jana wamenipigia. Wameomba radhi, na wanaomba ruhusa ya kupiga picha za ngozi ya mtoto ziwekwe kwenye hazina ya picha za kufundishia rezidenti wao, bila uso, bila jina. Tuna miadi Alhamisi. Nusu yangu inasema kubali, si ndicho ulichokuwa unalilia? Nusu nyingine inasema mwili wa mwanangu si kitabu cha watu.

#30 Kipanga_Mweusi
Kataa. Hao ndio waliowachoma weusi sindano za kaswende Tuskegee.

#31 MwanaNakuru
Kaka, nakuomba, hili tulisimulie sawasawa, maana lenyewe linatosha kuuma. Kwenye utafiti wa Tuskegee kule Alabama, 1932 hadi 1972, hawakuchomwa kaswende. Wanaume 399 walikuwa nayo tayari. Walidanganywa kwamba wanatibiwa, na hata penisilini ilipokuwa tiba inayojulikana, mwishoni mwa miaka ya 1940, waliachwa bila kupewa.

Kwenye ngozi yenyewe kuna gereza la Holmesburg, Philadelphia. Kuanzia 1951 hadi 1974 daktari wa ngozi Albert Kligman aliwajaribia wafungwa dawa na kemikali migongoni, wengi wao weusi. Kwa miaka mingi jina lake lilikuwa la heshima chuoni kwake. 2021 chuo kiliomba radhi. Kwa hiyo dada, hofu yako ina historia. Lakini mimi ninayesoma sasa nazihitaji hizo picha. Ninazihitaji kweli.

#32 Sharifa_Muscat
Tofauti ni idhini, bibi. Wale hawakuulizwa. Wewe umeulizwa, na unaweza kusema la na wasikufanye kitu. Uliza zitakaa wapi, nani ataziona, na ukibadili nia mwakani zinafutwa vipi. Wakiandika, fikiria. Wakisema tu kwa mdomo, usikubali.

#33 Mwanga_wa_Sengerema
Mimi picha ya sikio langu niliitoa, kwa ridhaa yangu. Lakini nilikuwa mtu mzima. Mtoto wa miaka sita muulize na yeye. Ngozi ni yake.

#34 JembeLaKijiji
Na walipwe! Picha ni mali.

#35 MamaBaraka
Mwanao anasemaje mwaya?

#36 BintiKorogwe
Nimemuuliza leo wakati namwogesha. Kauliza kama daktari ataona na pale palipopona, au panapouma tu. Nikamwambia sijui, tutamuuliza. Akasema wapige na palipopona.

#37 TabibuWaKata
Mtoto ana akili ya kitabibu. Kama mtakubali, dada, waambie wapige karibu na dirisha, si kwa mwanga wa flashi. Flashi inaing'arisha ngozi nyeusi na rangi yote inapotea. Mafuta yafutwe kwanza. Na kila picha iwe na sehemu nzima ya mwili wake pembeni, upande wa ndani wa mkono ni mzuri, ili anayejifunza aone rangi ya siku zote ya mtoto ni ipi. Alhamisi utuambie.